Kosongo yenye "o" tatu: munganga Dutton na damu ya kwetu



Ukifungua kitabu kizito cha magonjwa ya nchi za joto, kile ambacho wanafunzi wa udaktari wanakibeba mpaka bega linauma, ukatafuta sura ya homa ya kupe, utakuta jina la mji wetu. Limeandikwa Kosongo, na "o" tatu, juu wazungu wa zamani waliandika vile sikio lilisikia. Pembeni ya jina kuna tarehe: 27 Februari 1905. Njo siku alikufa pale kwetu Joseph Everett Dutton, Mwingereza wa miaka 30, mtu aliyetumia maisha yake mafupi yote kuangalia damu ya watu ndani ya mikroskopi. Alikufa na ugonjwa uleule aliokuwa anauchunguza.

Tumesoma shule zetu zote, tumepasi mitihani ya Serikali, na hakuna mwalimu aliyetutajia jina lake. Tulifundishwa Pasteur, tulifundishwa Koch. Huyu aliyelala katika udongo wetu tukamkuta vitabuni, ukubwani.

Dutton alizaliwa mwaka 1874 karibu na Birkenhead, ng'ambo ya mto mbele ya Liverpool. Alisomea udaktari Liverpool, akamaliza mwaka 1897. Mwaka uliofuata mji ule ulifungua shule ya magonjwa ya nchi za joto, na kijana akaingia humo wakati kazi ilikuwa bado mbichi kabisa. Mwaka 1900 akatumwa Nijeria ya kusini pamoja na wenzake kuchunguza malaria na minyoo ya filaria. Mwaka 1901 akatumwa Gambia, na safari hii peke yake.

Gambia njo ilimpa jina. Pale kulikuwa munganga wa serikali, Forde, aliyekuwa na mgonjwa mmoja, nahodha wa meli ya mtoni. Homa inakuja, homa inakwenda, kinini haisaidii kitu. Forde alichukua damu ya yule nahodha akaona vitu vinacheza kati ya chembe nyekundu, sawa minyoo midogo sana. Hakujua ni nini. Dutton alipofika na kuweka jicho, akatambua: tripanosoma. Wakati ule tripanosoma walijulikana katika damu ya farasi, ya ng'ombe, ya panya. Katika damu ya mtu mgonjwa hakuna aliyekuwa amemtambua hivyo. Mwaka 1902 akampa jina, *Trypanosoma gambiense*. Mdudu huyo njo yule yule wa ugonjwa wa usingizi wa kwetu Maniema, na lile neno "gambiense" Dutton alilompa hadi leo limo katika jina lake. Yule nahodha alirudishwa Uingereza, akafa mwanzo wa 1903.

Hapo niruhusuni kidogo niongee kama mtu wa labo, juu bila hiyo hamutaona ugumu wa kazi yake.

Damu iko na haraka. Ikisha kutoka katika mshipa na kuguswa na kioo, haitachukua muda mrefu, dakika chache tu, inakuwa sawa uji uliopoa. Ndani ya maji ya damu kuna protini inayoitwa fibrinojeni. Ikipata amri, inageuka nyuzi nyembamba sana, nyuzi zinashikana sawa wavu wa mvuvi, na chembe nyekundu zinanaswa humo. Kwa mwenye kidonda njo uzima wake. Kwa mtu wa labo njo hasara, kwa sababu mdudu unayemtafuta naye ananaswa, na ukiangalia tena huoni kitu paka bonge jekundu. Kwa hiyo wale waganga wa zamani walikuwa na mbinu zao. Ya kwanza: tone mbichi kati ya vioo viwili, na uangalie sasa hivi, mdudu angali anacheza. Ya pili: upake damu nyembamba juu ya kioo, ukauke, upake rangi, uangalie kwa utulivu. Ya tatu: uitikise damu pamoja na shanga za kioo, nyuzi zishikamane na shanga, damu ibaki maji. Ya nne ni kutia chumvi ya sitrati. Sitrati inashika kalisi iliyo ndani ya damu, na damu bila kalisi haiwezi kuganda. Halafu unaizungusha na mashine, chembe nzito zinashuka chini, na wadudu unawakuta wamekusanyika mahali pamoja. Sitrati hiyohiyo, mwaka 1914, Mbelgiji Albert Hustin kule Brussels aliitumia kumwongezea mtu damu, na kila mfuko wa damu tunaotundika leo katika lopitali zetu bado uko na sitrati ndani yake. Dawa iliyokuwa ya kutafutia wadudu ikawa ya kuokolea mama aliyemwaga damu wakati wa kuzaa.

Kuna jambo lingine. Katika damu ya mgonjwa wa usingizi, ukiiweka mbichi kati ya vioo, chembe nyekundu zinashikana zenyewe kwa vifungu vifungu. Usiseme ni kuganda: hapo hakuna nyuzi, hakuna wavu, ni chembe zenyewe zimenatana. John Todd, rafiki wa Dutton, Mkanada, aliandika juu ya alama hii. Mtu mwenye mazoea akiona vifungu vile anajua atafute zaidi, hata kama mdudu bado hajaonekana. Sasa fikirini kufanya hayo yote chini ya hema, jua la saa sita, kioo cha mikroskopi kimejaa jasho la jicho lako, na nje kuna mstari wa watu waliosukumwa kuja kwa nguvu.

Maana hawakuja wenyewe, na hapa njo historia inakuwa chungu.

Mwaka 1903 mfalme Leopold wa Pili aliomba shule ya Liverpool itume wataalamu katika Dola Huru ya Kongo kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Ile shule ilianzishwa na Alfred Jones, tajiri wa meli. Huyo Jones meli zake zilikuwa na mkataba wa kwenda Boma na Matadi, na yeye mwenyewe alikuwa konsuli wa Dola ya Kongo katika Liverpool. Mukiona tarehe mutashangaa vile zinagongana. Dutton, Todd na mwenzao Cuthbert Christy wanafika Boma mwezi wa Septemba 1903. Mwezi uleule Roger Casement, konsuli wa Uingereza, anamaliza safari yake ndani ya Kongo, safari ya kuandika habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyokimbia kwa ajili ya mpira. Ripoti yake ikatoka mwanzo wa 1904. Mwezi wa Machi 1904, Edmund Morel, aliyekuwa zamani karani wa kampuni ya meli ya huyo huyo Jones, akaanzisha chama cha kupigania watu wa Kongo, na akakianzisha wapi? Liverpool. Mji mmoja ulituma waganga kwa Leopold, na mji huohuo ulimpigia Leopold makelele. Wote wawili walikuwa wanaongea juu ya watu wetu, na sioni mahali watu wetu walipoulizwa neno.

Leopold alitaka nini? Kuna watu wanasema alikuwa na huruma. Mimi nasema aliogopa kukosa watu wa kutoa mpira. Kule Uganda, kandokando ya ziwa, ugonjwa huo ulikwisha kuua makumi ya maelfu, na kabla haujatulia uliua karibu watu 250,000. Mfalme alijua hesabu.

Waganga walifanya kazi kwanza huku chini, Leopoldville na jirani zake. Christy alirudi Ulaya mwaka 1904. Wawili waliobaki wakapanda mto, kituo kwa kituo, wakigusa shingo za watu. Juu ya nini shingo? Kwa sababu mtu mwenye ugonjwa huo, tezi za nyuma ya shingo zinavimba mapema, mbele ya usingizi kuanza. Mwaka huo wa 1904, Greig na Gray kule Uganda walionyesha kwamba ukidunga tezi na sindano, ukatoa maji yake, unamkuta mdudu humo kwa urahisi kuliko katika damu. Njia rahisi, haina gharama, na haina habari ya kuganda. Dutton na Todd waliishika kwa mikono miwili. Shauri lililotoka katika safari yao lilikuwa hili: watu wakaguliwe shingo kwenye vituo, wenye tezi watengwe, wenye kutoka mahali penye ugonjwa wasiingie mahali pasipo na ugonjwa.

Kwa karatasi ni shauri zuri. Katika maisha ikawa lazareti. Wazee wetu waliogopa neno hilo. Lazareti ilikuwa boma, na mlinzi, na mtu akiingia alikuwa anaingia kufa, kwa kuwa dawa ilikuwa haipo. Dawa ya kwanza iliyoua tripanosoma vizuri, atoksili, ilionekana katika labo ya Liverpool mwaka 1905, na Wolferstan Thomas. Ilikuwa na arseniki ndani yake. Iliponya wengine, wengine iliwapofusha macho. Halafu ikaja pasi ya munganga, karatasi ya kukuruhusu kutembea. Bila karatasi husafiri, hata kama mama yako amekufa mtaa wa pili. Nikisikia mzee anasema "walitushika shingo," siku hizi najua ile mikono ilianzia wapi.

Simlaumu Dutton kwa yote hayo. Yeye hakuishi kuona lazareti moja ya mpango ule. Lakini sitaki pia tumfanye mtakatifu wa mji wetu, kwa kuwa baadhi yenu mutaanza kesho kuomba sanamu.

Tuache shingo, turudi njiani, juu ni njia njo ilimuua.

Kila mtoto wa Kabambare anajua njia ya wangwana: kutoka Ujiji, kuvuka Tanganyika, kupanda mpaka Kabambare, halafu Kasongo, halafu Nyangwe juu ya Lualaba. Misafara ya Tippu Tip na wenzake ilipita hapo miaka na miaka, na Kiswahili chetu kilipita hapo pia. Njo maana mtu wa Kasongo akienda Zanzibar wanamsikia, wanacheka kidogo, lakini wanamsikia. David Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imeoza na vidonda, hawezi kutembea, akisoma Biblia yake tena na tena. Huko Manyema wengi wa watu wake walikuwa wamemkimbia. Waliobaki naye walikuwa wachache, wakiwemo Susi na Chuma. Alikuwa anatokwa damu tumboni muda mrefu, na damu hiyo haikumwacha mpaka kifo.

Alipokufa mwaka 1873 kule Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, wale watu wake waliamua kumbeba mpaka pwani. Ilibidi kumpasua, kutoa matumbo, kukausha mwili. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Farijala, aliyekuwa mtumishi wa munganga mmoja Zanzibar na akaona kule jinsi maiti inavyofunguliwa. Karasi alimsaidia. Wakakuta upande wa kushoto bonge la damu iliyoganda, ukubwa wake sawa mkono wa mtu, na mapafu yamekauka, yana mabaka meusi na meupe. Wakakumbuka vizuri, wakaeleza vizuri, mpaka maneno yao yakaingia katika kitabu na waganga wa Ulaya wakaanza kubishana juu yake. Farijala hakuwa na diploma. Lakini mtu anayefungua, anaangalia, anapima kwa mkono, na kueleza alichoona bila kuongeza chumvi, huyo mimi namhesabu katika ukoo wa watafiti wa damu. Dutton yuko katika ukoo huohuo, miaka thelathini na kitu baadaye.

Sasa ile njia ya wangwana ilikuwa na nyumba za kulala wasafiri, na katika nyumba zile alikuwako mwenyeji asiyelipwa: kupe laini, asiye na gamba gumu. Watu wa pwani wanamwita papasi. Huku kwetu Kongo jina lake ni kimputu. Livingstone alikwisha kumlalamikia katika kitabu chake cha 1857. Kimputu hakai porini, hakai juu ya mbwa. Anakaa nyumbani: katika mavumbi ya sakafu, katika nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mkeka. Usiku taa ikizimika anatoka, anakunywa damu nusu saa hivi, anarudi katika ufa wake. Asubuhi hujui kitu. Anaweza kukaa bila kula miaka, akikungojea tu. Na akikunja mwili katika mkeka wako, unambeba mwenyewe mpaka kituo cha mbele, sawa mzigo mwingine wa msafara.

Homa yake wenyeji waliijua tangu zamani. Siku kadhaa za moto mkali, kichwa, viungo, kutapika. Halafu ghafla jasho linamwagika sawa maji na mtu anapoa. Anaanza kusema nimepona. Baada ya siku chache, tena. Na tena. Wazungu wengi waliiita malaria tu.

Kule Stanleyville, mwisho wa mwaka 1904, Dutton na Todd waliona katika damu ya wagonjwa hao mdudu mwembamba aliyejikunja sawa waya wa kizibuo: spiroketi. Anajaa katika damu wakati wa homa, na homa ikishuka haonekani. Wakaenda katika nyumba, wakakusanya vimputu, wakawaacha wawaume nyani. Nyani wakaugua, damu yao ikajaa spiroketi. Halafu wakafanya jaribio ambalo mimi napenda kuliko yote: wakachukua mayai ya vimputu wagonjwa, wakangoja yaanguliwe, wakawaweka wale watoto juu ya nyani mzima. Watoto wale hawakuwa wamewahi kuuma mgonjwa yeyote. Nyani akaugua. Maana yake mama kimputu anarithisha ugonjwa kwa watoto wake, na nyumba moja inaweza kubaki na sumu hata kama mgonjwa wa mwisho alihama zamani.

Mwaka huohuo, bila kujuana, Ross na Milne kule Uganda walikuwa wamefikia jambo hilohilo, na walitangulia kulitangaza. Mwaka 1905 Robert Koch mwenyewe, akisafiri katika Tanganyika ya Wajerumani, akawakuta spiroketi ndani ya mayai ya papasi. Watu wanapenda kuuliza nani alikuwa wa kwanza. Wa kwanza ni wale wenyeji walioambia wasafiri wasilale katika nyumba fulani.

Damu inafanyiwa nini na mdudu huyu? Tunajua leo mambo ambayo mikroskopi ya Dutton haikuweza kumwonyesha. Spiroketi anabadilisha koti lake. Mwili ukisha kumtambua na kumuua, wachache waliobadilisha koti wanabaki, wanazaana, na homa inarudi. Njo siri ya kurudi kwake. Tena anajifunika chembe nyekundu mwilini, zinamzunguka sawa watoto kuzunguka sahani ya bugali, askari wa mwili hawamwoni. Na zile chembe sahani, ndogo kuliko zote, ambazo kazi yake ni kuziba tundu la kwanza mbele ya nyuzi kufika, zinapungua sana wakati wa homa. Kwa hiyo utaona mgonjwa anatoka damu puani, au madoa madogo ya damu chini ya ngozi. Mama mjamzito anaweza kuharibu mimba, na mtoto akizaliwa anaweza kuwa naye na mdudu katika damu, akafa katika siku zake za kwanza. Dawa ipo, na haina bei kubwa: tetrasiklini, au penisilini kwa mama mwenye mimba, na uangalizi wa karibu masaa ya kwanza, maana wadudu wakifa kwa pamoja homa inapanda vibaya mbele ya kushuka.

Sasa nawaambia juu ya nini nimeandika haya yote.

Zamani kila kituo chenye labo kilikuwa na kijana mmoja na mikroskopi moja. Homa ikija, tone nene la damu, rangi ya Giemsa, na macho. Anatafuta malaria, lakini macho hayachagui: kama kuna spiroketi, atamwona tu. Siku hizi tuna kipimo cha haraka. Tone moja juu ya kile kikaratasi, dakika kumi na tano, mistari miwili ni malaria, mstari mmoja hapana. Nakisifu, kimeokoa watoto wengi mahali ambapo hakuna umeme wala kijana wa labo. Lakini kile kikaratasi kinajua kitu kimoja tu. Spiroketi anaweza kujaa katika tone lile, kikaratasi kitasema hapana, na mtu atarudishwa nyumbani na vidonge vya kichwa.

Nilikuwa katika kituo kimoja, sitakitaja, mama mmoja wa mimba ya miezi saba akaletwa na pikipiki. Homa ya tatu katika mwezi mmoja. Mara mbili za kwanza kipimo kilisema hapana, wakamrudisha. Alikuwa anatoka damu puani, mume wake akifikiri ni joto la njiani. Mikroskopi ilikuwako, imefunikwa na kitambaa, kioo chake kimeota ukungu kidogo. Tukakisafisha na alkoli, tukapaka tone nene. Waya za kizibuo, nyingi, rangi ya zambarau. Mama alipona. Mtoto alizaliwa mbele ya wakati, hakukaa. Nilimwuliza mume wanalala wapi, akasema nyumba ya baba yake ya zamani, ukuta wa udongo, karibu na barabara kubwa. Barabara ileile.

Mji wetu umeshapata kusaidia dunia mara nyingine. Miaka ya 1970 waganga walifuata watoto wa Kasongo mmoja mmoja kuona kama chanjo ya surua inawaokoa kweli au inachelewesha tu kifo cha mtoto dhaifu, na mwaka 1981 matokeo yakatoka katika gazeti kubwa la London la waganga, yakabishaniwa nchi nyingi. Hata ugonjwa wa usingizi, ule wa Dutton: mwaka 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000 kwa mwaka mmoja, na tangu mwisho wa 2018 kuna vidonge vyenye kuruhusiwa, feksinidazoli, ambavyo majaribio yake yaliongozwa na Mkongomani, munganga Victor Kande. Kutoka atoksili ya kupofusha mpaka kidonge cha kumeza nyumbani. Lakini homa ya kimputu haina mpango wake, haina gari lake, haina hata mstari wake katika karatasi nyingi za ripoti. Ndugu zetu mulio katika labo za Kasongo, Samba, Kunda, Saramabila na Kabambare, kama kuna mikroskopi chini ya kitambaa, munajua la kufanya.

Dutton na Todd walitelemka, au niseme walipanda, maana Lualaba inatoka kusini, wakaingia nchi yetu mwanzo wa 1905. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu Kasongo ya wangwana, ile iliyokuwa pale tunapopaita Tongoni, kuanguka mbele ya askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Katika jeshi lile pia kulikuwa munganga Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeandika kitabu juu ya vita. Kwa hiyo munganga mmoja wa Kiingereza aliingia Kasongo na bunduki, mwingine alikuja na mikroskopi, na wote wawili mshahara wao ulikuwa na mkono wa Leopold.

Wote wawili, Dutton na Todd, walikuwa wamekwisha kuambukizwa homa ya kimputu. Todd alipona. Dutton homa yake ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, na Kasongo ikamshinda. Watu waliojua damu yake ilikuwa na nini walikuwa wawili katika mji mzima, yeye na Todd, na dawa ya kumpa haikuwako popote duniani. Alizikwa palepale.

Mwaka 1906 wataalamu wakampa yule mdudu jina lake. Leo anaitwa *Borrelia duttonii*. Todd alirudi Ulaya peke yake na madaftari, akapewa nishani na Leopold pamoja na wakubwa wa shule ya Liverpool, akawa baadaye profesa Montreal. Habari ya kimputu na nyani na mayai ilitoka katika gazeti la waganga wa Uingereza tarehe 11 Novemba 1905. Juu yake kuna majina mawili, Dutton mbele, Todd nyuma. Yule wa mbele alikuwa na miezi minane na nusu katika udongo wa Kasongo.